Kesi ya unga hufia kwenye mizani: mwongozo wangu kwa mkemia mpya

Kila tunapopokea wakemia wapya kwenye chumba cha dawa za kulevya, swali lao la kwanza huwa ni mashine. "Dada, ile GC-MS (mashine ya kutambua kemikali) tutaanza kuishika lini?" Huwa nawajibu: mkishajua kupokea bahasha. Wanacheka, wanadhani nawatania. Nimekaa kwenye benchi hili hapa Dar es Salaam miaka kumi na tisa, nimetoa ushahidi mahakamani mara ambazo nimeshaacha kuzihesabu, na mawakili walionibana kuhusu mashine nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nimebanwa kuhusu uzito. Nimebanwa kuhusu lakiri iliyopasuka pembeni. Siku moja nilisimamishwa dakika arobaini kwa sababu fomu ilisema nimepokea saa nane na daftari langu likasema saa tisa.

Kwa hiyo nitaanza na karatasi, na mashine itakuja mwishoni.

Askari au ofisa wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya akifika, atakuwa na kielelezo mkononi na fomu ya kuwasilisha sampuli, DCEA 001. Usimwambie "weka hapo mezani, nakuja". Kaa naye. Soma fomu yote kabla hujagusa mzigo: namba ya jalada, idadi ya vitu, vimefungwaje, nani anakabidhi. Halafu hesabu kwa sauti, yeye akisikia. Fomu ikisema pipi 81, uhesabu 81. Ukipata 80, hesabu tena. Zikiwa bado 80, usifute wala usirekebishe chochote kwenye fomu yake. Yeye abaki na alichoandika, wewe uandike ulichokiona, msaini wote wawili, na umwite msimamizi wako papo hapo. Pipi moja iliyokosekana ina maelezo kama imeandikwa siku ileile. Ikiandikwa baada ya wiki haina maelezo tena.

(Kwa mgeni wa lugha yetu ya benchi: pipi ni vile vidonge vya unga vilivyoviringishwa kwenye nailoni na kumezwa na mtu anayeitwa punda. Kete ni kifungashio kidogo cha kijiweni. Usiandike "pipi" kwenye ripoti. Andika "vifurushi vidogo vyenye umbo la yai, vilivyofungwa kwa nailoni". Mahakama haifahamu kijiwe, au inajifanya haifahamu.)

Tazama lakiri. Imeshika pande zote? Saini za aliyekamata, za mtuhumiwa na za shahidi huru zimeanzia kwenye mkanda zikaishia kwenye bahasha, au zimeandikwa juu ya mkanda tu? Saini iliyo juu ya mkanda peke yake haina kazi, mkanda ukibanduliwa inaondoka nao. Piga picha pande zote, rula ikiwa pembeni, kabla ya kukata. Na ukikata, usikate pale walipofunga wao. Kata upande mwingine, ili lakiri yao ibaki kama walivyoiacha. Kama wataalamu wa alama za vidole hawajapita, usifute vumbi wala usibandue gundi, maana alama nyingi hukutwa upande wa ndani wa gundi.

Ukiona naonekana mshamba wa karatasi, katafute hukumu ya Mahakama ya Rufani katika shauri la Paulo Maduka na wenzake, Rufani ya Jinai Na. 110 ya mwaka 2007. Humo ndimo mawakili wetu wote wanakochota hoja ya mlolongo wa utunzaji wa kielelezo: nani alikikamata, nani akakitunza, kikahama kwenda kwa nani, kikachunguzwa na nani, kikaishia wapi. Mkemia ni pete moja tu katika mnyororo ule. Mbaya ni kwamba ndiye pete anayeitwa shahidi mtaalamu, kwa hiyo anaulizwa na maswali ya pete za wenzake.

Mizani

Hapa nitakaa sana, mnivumilie.

Washa mizani nusu saa kabla. Angalia kile kiputo cha kusawazishia kiko katikati ya duara. Zima feni. Kama kiyoyozi kinapuliza juu ya benchi, hamisha mizani au kizime kwa muda, maana upepo wa kiyoyozi unatosha kuchezesha tarakimu ya mwisho. Pima mawe ya kuhakikia, angalau mawili, moja likiwa karibu na uzito unaoutarajia, uandike kwenye daftari la mizani kabla ya kupima kielelezo. Siku zote kabla. Ukiyapima baadaye, wakili atakuuliza kwa upole kabisa kama ulijuaje asubuhi ile kwamba mizani yako ilikuwa nzima.

Kisha pima mara mbili: uzito pamoja na kifungashio, na uzito bila kifungashio. Andika vyote viwili. Nitawaeleza kwa nini. Sheria yetu ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Sura ya 95, ina mstari kwenye gramu 200. Heroini ikizidi hapo, anayesafirisha anakabiliwa na kifungo cha maisha. Ikiwa gramu 200 au chini yake, ni miaka thelathini. Sasa chukua mzigo wa pipi 20. Pamoja na nailoni unasoma gramu 218.60. Ukishazichana zote na kupima unga peke yake, unasoma gramu 194.35. Tofauti ni gramu 24.25 za nailoni, yaani gramu moja na ushee kwa kila pipi. Nailoni hiyo inaweza kumfunga mtu maisha. Mimi sina huruma na wauza unga, nimezika binamu yangu kwa sababu yao, lakini gramu za nailoni sitamwandikia mtu kuwa ni heroini.

Makosa yangu makubwa kuliko yote yalikuwa ya mizani, na yalikuwa ya bangi. Mwaka wangu wa tatu kazini kililetwa kiroba cha bangi mbichi. Fomu ya kituoni ilisema kilo 12.4. Mimi nikapima kilo 10.9, nikaandika 10.9, nikaendelea na kazi. Sikuandika kwamba kiroba kilikuwa na unyevu kwa chini, wala kwamba majani ya juu yalikuwa yanavunjika mkononi, wala kwamba tangu siku ya kukamatwa zilikuwa zimepita siku kumi na moja za Januari. Miezi kumi na minne baadaye wakili wa utetezi akaniuliza: "Shahidi, kilo moja na nusu imekwenda wapi?" Nikajibu: "Imekauka." Watu wakaangua kicheko. Akauliza niliandika wapi kwamba ilikuwa mbichi. Sikuwa nimeandika popote. Hukumu ilipotoka, mizani yangu ilipewa ukurasa mzima, na mshitakiwa akaenda kwao.

Tangu siku ile, bangi ikiingia mikononi mwangu naandika hali yake kama mama anayechagua mchicha sokoni: rangi, unyevu, harufu, ukungu, kama shina linapinda au linakatika. Nauliza imekamatwa lini. Napiga picha. Na kama iko ndani ya nailoni naihamishia kwenye mfuko wa khaki, kwa sababu ndani ya nailoni bangi mbichi huoza, na ikioza utabaki na uji mweusi.

Mirungi ina ugomvi wake. Kilichomo ni kathinoni, na kathinoni haikai: majani yakinyauka, ndani ya siku chache inageuka kuwa kathini, ambayo nguvu yake ni ndogo. Mirungi ikija Ijumaa jioni, usiseme Jumatatu. Iingize kwenye friza siku hiyohiyo. Ukivuka Namanga ni zao la biashara lenye soko lake, upande wetu ni kesi, kwa hiyo mzigo huwa umeshasafiri na kunyauka vya kutosha kabla haujakufikia wewe.

Kufungua na kuchukua sampuli

Glavu jozi mbili, barakoa, miwani, ndani ya kabati la kuvuta hewa, na usiwe peke yako chumbani. Usinuse kwa kusudi na usionje, hata kama umewaona wazee wetu wakifanya hivyo zamani. Harufu nyingine zitakujia zenyewe. Heroini iliyokaa kwenye joto la Dar hunukia siki, kwa sababu inavunjika na kutoa asidi iliyo kwenye siki. Iandike daftarini kama ulichokiona, usiifanye jibu.

Kifungashio usikiamini. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi nje ya Mombasa likiwa na kilo 1,032 za heroini iliyofichwa katikati ya mifuko ya saruji. Desemba 2023 Mamlaka yetu ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa, nyingi zikiwa kwenye vifungashio vya kahawa na majani ya chai. Kwa mkemia, saruji na majani ya chai si hadithi ya kusisimua. Ni uchafuzi. Vumbi la saruji likiingia kwenye sampuli litakuletea vurugu, na vumbi la unga likitoka kwenye kifungashio kimoja likaingia kingine litakuletea kesi ya uongo. Kwa hiyo: karatasi mpya mezani kwa kila kifungashio, kijiko kipya, glavu mpya. Kifungashio kitupu nacho ni kielelezo, kipe namba yake. Nguo zilizolowekwa dawa zikakaushwa, utakutana nazo pia. Pima nguo nzima, kata vipande vidogo sehemu kadhaa, chora mchoro wa nguo ukionyesha ulikokata, na kata kipande sehemu nyingine isiyoonekana kulowa ukitumie kama kipimo cha kulinganishia.

Je, ufungue vingapi? Kanuni ya zamani ambayo Umoja wa Mataifa umeifundisha maabara nyingi ni hii: vikiwa chini ya 10, vyote, kuanzia 10 hadi 100, chukua 10, vikizidi 100, kipeuo cha pili cha idadi yake. Kete 400, utachukua 20. Kuna njia nyingine ya hesabu za uwezekano inayokueleza una uhakika kiasi gani kuhusu vile usivyofungua, na ukiweza kuielewa itumie, inasimama imara zaidi mbele ya hakimu anayependa hesabu. Ila kanuni yoyote ile ina sharti: vifungashio viwe vinafanana. Panga kwanza. Vyenye mkanda wa kaki huku, vyenye mkanda mweusi kule, unga wa kahawia huku, mweupe kule. Kila kundi lina hesabu yake. Na ulivyovichagua uvichague bila kuangalia, usichague vilivyo juu kwa sababu viko karibu.

Unga ukiwa mwingi, usichote tu kwa juu. Umimine kwenye karatasi safi ufanye kichuguu, ubonyeze kileleni, ukigawe mara nne kama mkate wa kumimina, uchukue robo mbili zinazotazamana, urudie. Madonge yavunje kwanza. Paracetamol na kafeini, ambazo ndizo tunazozikuta sana zimechanganywa na heroini, hazikai sawasawa na heroini yenyewe. Ukichota juu unaweza kuipeleka Panadol kwenye mashine na kuliacha tatizo kwenye bahasha.

Na kila chembe unayoitumia, iandike. Milligramu 20 za kipimo cha rangi, milligramu 10 za mashine. Usiniulize sasa hivi kwa nini, utaona.

Rangi

Vipimo vya rangi vina raha yake, nakiri. Tone moja la kitendanishi cha Marquis, ambacho ni formalini ndani ya asidi ya salfuriki kali, kwenye kigae cheupe chenye vishimo. Ukiwekea punje ya heroini inageuka zambarau unatazama. Methamfetamini inatoa rangi ya chungwa inayoelekea kahawia. Kokeini inatafutwa kwa kobalti thayosayaneti, inakuwa buluu. Bangi kwa Fast Blue B, unapata wekundu unaoshuka kwenye tabaka la klorofomu.

Kila kigae kiwe na vishimo vitatu: kimoja kitendanishi peke yake, kimoja kitendanishi na dawa halisi ya kulinganishia, cha tatu sampuli yako. Ukikosa viwili vya kwanza, cha tatu hakina maana.

Na rangi inadanganya. Kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo aliwahi kuruka kwa furaha akipiga kelele "Kokeini!" baada ya kuona buluu. Mashine ikatuambia ni lidokeini, ganzi anayokudunga daktari wa meno. Dawa za mafua na mzio nazo zinaweza kutoa buluu ileile. Ndiyo maana hatuandiki ripoti kwa rangi. Rangi inakuelekeza uende mtaa gani, nyumba bado hujaijua.

Bamba la kromatografia, linalotenganisha viambata vya sampuli kuwa madoa, ni hatua ya katikati na watoto wa siku hizi wanalidharau. Msilidharau. Umeme ukikatika, bamba halina habari. Kwa bangi, ukipuliza Fast Blue B juu ya bamba unapata madoa ya viambata vyake yaliyopangana: THC nyekundu, CBD ya chungwa, CBN ya zambarau. Likauke, lipige picha, libandike kwenye jalada. Hakimu asiyeelewa mchoro wa mashine huwa anaelewa madoa matatu yaliyo sambamba na madoa mengine matatu.

Mashine

Sasa mmefika mlipopataka, na mimi nitapita haraka, kwa sababu mashine ina kitabu chake na fundi wake.

GC inatenganisha, MS inavunja na kupima vipande. Kokeini itakupa vilele vya vipande vyenye uzito wa 82, 182 na 303. Heroini 369, 327, 310, 268. Methamfetamini ina kilele kikubwa kwenye 58, na hapo ndipo wengi wanapoteleza: fentamini, dawa ya kupunguza unene, nayo kilele chake kikubwa ni 58. Maktaba ya kompyuta ikikupa jina la kwanza, usilinakili. Linganisha muda wa kutoka na dawa halisi ya kulinganishia iliyopita kwenye mashine hiyohiyo siku hiyohiyo. Kisha pata uthibitisho wa njia ya pili isiyofanana na ya kwanza.

Kati ya kila sampuli na sampuli, pitisha kiyeyusho kitupu. Mashine huwa na mabaki. Sampuli ya mtu aliyekutwa na kilo tano inaweza kumwachia chembe mtu wa kete moja anayefuata, na wewe ukamfunga kwa unga wa jirani yake kwenye foleni.

Jambo moja nililolipata kwa taabu: usiyeyushe heroini kwenye methanoli ukaiacha mezani mpaka kesho. Itaanza kuvunjika na kuwa 6-monoasetilimofini, halafu utakaa unashangaa kwa nini matokeo ya asubuhi hayafanani na ya jana. Tumia kiyeyusho kisichoishambulia, na uipitishe siku hiyohiyo.

Ripoti

Fomu ni DCEA 009. Andika ulichopokea, kutoka kwa nani, uzito, vipimo ulivyofanya, ulichokikuta. Usiandike ulichoambiwa. "Dawa zilizokamatwa kwa mtuhumiwa uwanja wa ndege" si maneno yako, wewe hukuwepo uwanja wa ndege. Ukiulizwa mahakamani jambo usilolifanya, jibu ni "sikulifanya", basi. Wakemia wazuri wamejimaliza kwa kutaka kumsaidia Wakili wa Serikali na sentensi moja ya ziada.

Kazi ya mwisho ni ya kuteketeza, na mkemia anakwenda. Kwa Dar mara nyingi ni tanuri la kiwanda cha saruji kule Wazo. Vielelezo vinafunguliwa mbele ya hakimu, na vinapimwa tena. Mara ya mwisho nilipokwenda, jua la saa saba, vumbi la saruji kwenye kope, uzito wa kifurushi kimoja chenye vifungashio vitano ulisoma gramu 3.15 pungufu ya ripoti yangu. Watu wote wakanigeukia. Nikafungua daftari, nikawasomea mistari ya milligramu ishirini, kumi, mia mbili za kipimo cha kiasi, mia nne za sampuli ya akiba, mmoja baada ya mwingine, kifungashio kwa kifungashio, na tarehe zake. Karani akajumlisha kwa simu yake, akapata 3.15. Hakimu akasaini, kijana wa tanuri akachukua koleo.